Majivu Hayarudi

Katika wasifu wa Mama Nanjala uliosomwa mbele ya jeneza lake, Jumamosi ya wiki iliyopita, kulikuwa na sentensi moja isiyo ya kweli. Aliyeusoma ni mjukuu wake Mercy. Alisoma vizuri, sauti haikumtetemeka, wala simlaumu, kwa sababu naye aliyakuta maneno hayo kwenye ripoti iliyoandikwa kabla hajazaliwa. Sentensi yenyewe ilisema kwamba katika miaka ya themanini, kikundi cha akina mama alichokiongoza marehemu huku juu ya Kimilili kiliokoa shamba lake la minji, yaani njegere, kwa kufuata ushauri wa afisa wa kilimo kutoka Bungoma. Watu waliitikia kwa vichwa. Mzee mmoja aliyeketi safu ya mbele aliinama kidogo, kama mtu anayepokea shukrani, nami nikamtambua kwa masikio yake kabla sijamwona uso. Nikainua mkono kuomba kipaza sauti. Kijana aliyekuwa akiongoza ratiba akanijia mbio akiangalia saa yake. "Senge," akaniita, yaani shangazi, "pole, dakika zimeisha. Padri anangoja." Nikaketi. Lakini kuketi si kukubali, na kwa kuwa nilinyimwa dakika mbili, nitachukua kurasa kadhaa.

Mwaka shamba hilo lilipookolewa nilikuwa na miaka kumi na tisa. Habari za kwetu na jinsi nilivyofika Kitale naziacha, maana hazina kazi hapa. Itoshe kusema nilikuwa nimeajiriwa kuchagua mboga katika duka la Mzee Gurdev, Singasinga mwembamba wa kilemba cha samawati, aliyekuwa akinunua minji na viazi kwa wakulima na kuviuza kwenye mahoteli na shule za bweni. Kazi ilifanyika chumba cha nyuma. Kilikuwa chumba kirefu cha mabati chenye bati moja la plastiki lililopitisha mwanga, na mwanga ule uliangukia meza iliyofunikwa shaba nyembamba ya zamani. Mezani kulikuwa na karai tatu. Ya kwanza ilikuwa ya minji safi, ya pili ya zile zenye kasoro ndogo, na ya tatu, iliyong'oka mkono, ya kutupia mbuzi. Siku yangu ya kwanza nilichagua kwa macho, haraka haraka, nikijiona hodari. Mzee Gurdev alikuja akamwaga karai zote tatu mezani, zikachanganyika upya. "Wewe angalia tu," alisema. "Macho danganya sana. Kidole hapana danganya. Shika."

Nikajifunza kushika. Ganda lenye madoa ya kahawia yaliyobonyea, kama mahali palipozimwa sigara, lilitoka kwenye shamba linalotuamisha maji, na vidole vilihisi vishimo kabla macho hayajayaona madoa. Ganda jepesi lenye mbegu mbili tatu lilitoka kwenye mmea uliokuwa ukikauka kuanzia chini. Mzee Gurdev aliwahi kumwomba mkulima amletee mche mzima wa namna hiyo, akaupasua shina karibu na mizizi kwa wembe, na ndani mlikuwa na rangi ya chai ya rangi. "Huyu iko mgonjwa mguu," alisema. "Dawa yake hakuna. Ng'oa, choma, na miaka mingi hapa usipande minji." La tatu lilikuwa ganda lenye vumbi jeupe. Lilinata kwenye kidole kama poda ya mtoto mchanga, na ukilifuta, ngozi ya chini ilibaki na rangi ya kutu. Hakuna aliyeniambia majina ya magonjwa hayo. Nilifahamiana nayo kama unavyofahamiana na majirani ambao hamjawahi kuamkiana.

Adhana ya adhuhuri kutoka msikitini ndiyo ilikuwa saa yetu ya chakula. Mkewe Mzee Gurdev, tuliyemwita Mama Preeti, alileta sinia la chapati na minji iliyopikwa kwa viazi na binzari, na minji hiyo ilitoka karai ya pili. Tulikula pale pale mezani. Wao wawili walizungumza Kipunjabi, na katikati ya Kipunjabi yalichomoza maneno niliyoyajua, kama Kimilili, gunia, mvua na Nanjala. Jina la Nanjala lilitajwa kwa heshima. Magunia yake yalikuwa hayahitaji kuchaguliwa sana.

Kila Alhamisi nilipanda pikapu pamoja na dereva kwenda kuchukua magunia hayo. Kikundi kilikuwa na akina mama kumi na mmoja. Shamba walilolima halikuwa lao. Lilikuwa la Wekesa, shemeji yake Mama Nanjala, aliyewaachia mteremko uliojaa vichaka na mawe kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na haja nao. Walifyeka, wakatoa mawe kwa mikono, wakachimba mitaro. Lilipokuwa shamba, Wekesa akaanza kuwa na haja nalo. Alikuwa na marafiki Malakisi waliolima tumbaku, na kila aliporudi kutoka kuwatembelea aliuangalia mteremko ule kwa jicho jipya. Alisema hadharani, na nilimsikia kwa masikio yangu, "Msimu huu minji ikiwashinda, mimi nalima. Sitaki kusikia kilio." Hapo ndipo mahali pekee ambapo wanawake wale kumi na mmoja waliamua wenyewe nini kipandwe na lini kivunwe. Minji ikifa, na uamuzi huo unakufa.

Sasa nieleze kuhusu majivu, kwa sababu bila majivu hutaelewa kosa lilikuwa wapi. Asubuhi mbili kila wiki, umande ukiwa bado umelala kwenye majani, kila mama alikuja na majivu ya meko yake. Aliyachekecha kwa gunia kuukuu, akayatia kwenye mkebe uliotobolewa kwa msumari, akapita safuni akitikisa. Majivu yalinata kwenye umande na kuwafukuza wadudu wadogo wanaonyonya machipukizi. Yalisaidia, wala sidharau. Lakini baada ya misimu kadhaa majivu yalikuwa yamegeuka fahari. Majivu meupe yalimaanisha nyumba yenye kuni ngumu, na mume anayepasua kuni. Mke wa Wekesa, aliyeitwa Nekesa, naye alikuwa mwanachama, na yeye alipikia magunzi ya mahindi. Majivu yake yalikuwa ya kijivu kizito, karibu meusi, na hawakumwacha apumue.

"Nekesa, hiyo ni majivu ama ni baruti?"

"Ati mumeo Baba Wafula amesahau shoka iko wapi?"

"Shoka iko," alijibu Nekesa. "Ni mkono ndiyo iko Malakisi."

Kwa hiyo shamba likiwa jeupe, walifurahi. Msimu ule mvua ilisimama mapema, mchana ukawa wa jua kali na asubuhi ya umande, na shamba likawa jeupe kuliko wakati wowote. Walisifiana. Hakuna aliyejiuliza kwa nini lilizidi kuwa jeupe hata kwenye safu ambazo mwenyewe alikuwa mgonjwa wiki nzima na mkebe wake umelala jikoni.

Mimi niligundua nikiwa Kitale, mezani. Karai ya mbuzi ilijaa kutoka kwenye magunia ya Nanjala, jambo ambalo halijawahi kutokea. Niliosha maganda machache kwenye maji, nikayafuta kwa nguo. Majivu yangeondoka yote, na kidole kingehisi chenga, maana majivu hukwaruza. Vumbi hili lilikuwa laini. Nikamwita Mzee Gurdev. Alishika, akaenda dukani na kurudi na kioo cha baba yake aliyekuwa fundi wa saa, kile kidogo cha kubana kwenye jicho. Nikatazama. Majivu chini ya kioo kile yalionekana kama kokoto. Hii ilikuwa nyuzi, nyuzi nyeupe zilizotambaa na kushikana kama utando wa buibui, na juu ya nyuzi kulikuwa na vishanga vilivyopangana. Kitu kile kilikuwa hai. Kilikuwa kinakula.

"Enda waambie," alisema Mzee Gurdev. "Mimi kisema, wao tasema Gurdev nataka punguza bei. Chukua hii kioo. Ikivunjika, basi wewe fundi saa."

Nilifika Alhamisi nikakuta nimechelewa. Wekesa alikuwa amemleta afisa kutoka Bungoma. Sitamtaja jina. Ana wajukuu, na jina lake si shabaha yangu. Alisimama kwenye ukingo wa shamba, masikio yake makubwa yamechomoza chini ya kofia, viatu vyake vimeng'arishwa, na hakuingia hata safu moja. Hakushika jani. Alitazama ule weupe kutoka pale alipokuwa, akatikisa kichwa.

"Mmechoma majani na majivu," alisema. "Chumvi ya majivu imezidi. Hakuna dawa hapa. Ng'oeni yote." Akaandika kwenye karatasi, akaipiga muhuri juu ya goti, akampa Wekesa. Wekesa aliikunja mara nne akaitia mfuko wa shati, juu ya moyo.

Akina mama walipiga kelele wote pamoja kwamba majivu hayajawahi kuchoma kitu, kwamba mama zao waliyatumia, kwamba majivu yale ni mazuri na meupe. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sijalisahau. Afisa alisema ni majivu mabaya, wao wakasema ni majivu mazuri, lakini pande zote mbili zilikubaliana kwamba ni majivu. Nikasema, "Si majivu."

Afisa akageuka. "Wewe ni nani?"

"Naitwa Nasimiyu. Nachagua minji Kitale."

"Umesomea wapi kilimo?"

"Mezani."

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Mezani! Mmesikia? Profesa wa meza!" Wekesa akacheka. Ukweli ni kwamba hata baadhi ya akina mama walicheka, tena kwa uchungu, maana nilikuwa nimetukana meko yao. Nilimsikia mmoja akisema nyuma yangu, "Msichana wa juzi anasema majivu ya mafiga yangu ni ugonjwa." Lakini sikuondoka. Nilikuwa nimeshika, wao walikuwa wametazama tu.

Mama Nanjala hakucheka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana, aliyezungumza polepole kana kwamba kila neno alilibeba kichwani. Aliniuliza, "Utajuaje?" Nikamwambia tufute safu moja nzima kwa nguo mbichi, jani kwa jani, mpaka iwe kijani, na tangu hapo asiingie mtu na mkebe. Majivu hayarudi yenyewe. Ugonjwa hurudi. Wekesa alikwisha sema analeta ng'ombe na jembe Jumatano, kwa hiyo tulikuwa na siku sita. Mama Nanjala alichukua mkebe wake mwenyewe akaumwaga pale mbele ya wote. "Safu ikibaki kijani," alisema, "basi ni majivu, na mimi nitang'oa kwa mkono wangu. Ikirudi kuwa nyeupe, tutajua tunapigana na nani."

Pikapu ikarudi Kitale bila mimi. Nililala nyumbani kwa Mama Nanjala, na asubuhi ya kwanza tulifuta. Majani ya minji ni mepesi, ukivuta kidogo yanachanika, na safu ilikuwa ndefu. Siku ya pili, kijani. Siku ya tatu, kijani. Siku ya nne bado ilikuwa kijani, safu nzuri kabisa katikati ya shamba jeupe, na kila aliyepita aliniangalia kama mtu aliyevunja chungu cha wenyewe. Mchana huo nilikuwa jikoni nikimenya viazi, na ukuta wa udongo ulikuwa na ufa, nikamsikia Nekesa nje akimwambia Mama Nanjala, "Utang'oa shamba kwa ajili ya mtoto wa wenyewe?" Mama Nanjala akajibu, "Karatasi imeshasema ning'oe. Huyu angalau ameniomba nisubiri." Chakula cha mchana kilikuwa ugali na minji iliyochemshwa kwa magadi. Mimi niliirudisha sahani yangu vilevile. Sikuogopa kuaibika, aibu nilikuwa nimeizoea. Niliogopa kwamba nimewapa wanawake kumi na mmoja sababu ya kung'oa shamba lao kwa mikono yao wenyewe.

Siku ya tano asubuhi niliona vidoa. Vilikuwa vidogo, vya mviringo, kama unga uliodondoka kutoka vidole vya mtu anayesonga ugali. Vilianzia majani ya chini, upande wa juu wa jani. Nilivitazama kwa kioo, nyuzi zilikuwa pale. Nikamwita Mama Nanjala, naye akabana kioo jichoni, akakaa muda mrefu amepiga magoti. Aliposimama alisema neno moja tu, "Mshenzi." Hakuwa akiniambia mimi, alikuwa akiliambia jani.

Jumatano vidoa vilikuwa vimekutana. Wekesa akaja na ng'ombe wanne na jembe, karatasi mfukoni. Tukamwonyesha safu. Alikuwa mtu mwerevu, hakubabaika. "Mmenyunyiza," alisema. "Nani alikuwa analinda? Mmekuja na mikebe, mmenyunyiza, sasa mnanichezea." Kwa hilo hatukuwa na shahidi. Ng'ombe mmoja alianza kula minji ya ukingoni.

Ndipo Mama Nanjala akauliza, kwa ile sauti yake ya polepole, "Shemeji, yale maboga nyuma ya nyumba yako. Si majani yake ni meupe tangu mwezi jana?"

"Ni meupe. Na?"

"Nani anayanyunyizia majivu?"

Wekesa akamwangalia mkewe. Nekesa akaweka mikono kiunoni. Naweza kumwona hata sasa. "Usiniangalie mimi, Baba Wafula. Majivu yangu ni meusi, kijiji chote kinanicheka. Kama hayo meupe ni majivu, basi niambie yametoka jiko la nani."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mama mmoja alikaa chini kabisa, mwingine alishika pembe ya ng'ombe asianguke. Wekesa alisimama katikati ya kicheko hicho, akajaribu kukasirika, akashindwa. Akaomba kioo. Alitazama jani la minji, kisha akatuma aletewe jani la boga, akalitazama nalo. Halafu akageuza ng'ombe. Karatasi hakuitupa wala kuitoa mfukoni, ila hatukuisikia tena. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ukungu wa maboga na ule wa minji ni jamaa wa mbali tu, kila mmoja na mmea wake, kwa hiyo hoja yetu ilikuwa na ufa. Sijutii. Jambo tulilotaka kuthibitisha lilikuwa kwamba weupe unaweza kuja bila mkebe, na hilo lilikuwa kweli.

Kazi yenyewe ilianza baada ya hapo, nayo haikuwa na kicheko. Theluthi ya chini ya shamba, ambako hewa haikupita, tuliing'oa na kuizika. Kwingine tulichuma majani yaliyoathirika zaidi na kuyatia guniani bila kuyakung'uta. Mzee Gurdev alileta salfa, unga wa njano, tukautia kwenye soksi kuukuu na kuutikisa juu ya majani jioni, jua likiwa limelegea, kwa sababu salfa ya mchana huunguza kweli. Mabua makavu yaliyokuwa yakirundikwa mpakani kwa ajili ya mbuzi tuliyaondoa. Msimu uliofuata minji ilihamia juu, safu zikaachana ili upepo upite, na pale pa zamani pakapandwa mahindi. Majivu hawakuyaacha, na hakuna aliyewataka wayaache. Waliacha tu kuyaamini kwa macho. Kabla ya kunyunyiza, kila mama alipitisha kidole juu ya jani.

Afisa alirudi wakati wa mavuno, safari hii na wageni na kipaza sauti. Alisema kikundi kilifuata ushauri wa ofisi, na ripoti ikaandikwa hivyo. Nilisimama kutaka kusema, Mama Nanjala akanivuta sketi. "Mwache achukue maneno," alisema. "Sisi tumebaki na shamba." Nilimheshimu mwanamke yule kuliko watu wengi niliokutana nao, lakini hapo nilimkatalia, na bado namkatalia akiwa kaburini. Maneno nayo ni shamba. Ukimwachia mtu, analima chake. Atakayesoma ripoti ile, siku akiona ugonjwa ataketi amngoje afisa.

Baada ya mazishi mzee mwenye masikio yale alinijia na sahani ya wali. "Wewe si yule profesa wa meza?"

"Ndiye."

"Tulifanya kazi nzuri sisi, ee?"

"Sisi nani?" nikamuuliza. Akatafuna kwanza, kisha akamwona mtu mwingine wa kumsalimia.

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Shamba bado lipo, na bado ni la minji upande wa juu. Mercy alinifuata, bado ana karatasi za wasifu mkononi. Majani ya chini yalikuwa na vidoa vyeupe.

"Ni majivu tu, senge," alisema. "Si kukhu Nanjala alikuwa anasemanga majivu ya nyumba hii ni meupe kuliko yote?"

"Siku hizi mnapikia nini?"

"Gesi." Akatazama jikoni, kisha akatazama majani.

Nililowesha leso yangu kwenye ndoo ya waombolezaji nikampa. Akavua viatu vya mazishi, akainama na gauni lake jeusi, akafuta safu moja fupi mpaka ikawa kijani. Nikamwambia asubiri.

Jana jioni alinipigia simu. Hakunisalimu. "Senge," alisema, "imerudi."

Nikamwambia achukue kalamu, tuanze na ile sentensi ya wasifu.